Jinsi ya kutambua na kudhibiti oomiseti: bakajani chelewa, ubwiri vinyoya, kinyaushi na kuoza kwa mizizi

"Nimepiga dawa ya ukungu, mbona majani bado yanaungua?" "Miche ilikuwa mizima jana, leo imelala yote." "Mti unakauka kuanzia juu na udongo una maji tele, nifanyeje?" Wanaoanza kilimo huuliza maswali haya msimu baada ya msimu, na mara nyingi yote matatu yana chanzo kimoja. Mimea imeshikwa na oomiseti, lakini mwenye shamba anapambana nao kana kwamba ni kuvu wa kawaida. Anaanza na dawa, na dawa ikishindwa ndipo anauliza ni ugonjwa gani. Hapa tutakwenda kinyume chake: kwanza umtambue adui, kisha umnyime maji anayoyategemea, na dawa ije baada ya hapo.

Usiruke hatua za utambuzi. Zinachukua siku chache tu, na zitakuepusha na kunyunyizia shamba zima kitu kisichofaa.

Machache ya kujua kwanza

Kwa macho, oomiseti wanafanana na kuvu. Wana nyuzi, wanatoa unyoya mweupe, wanaozesha. Hata hivyo si kuvu; ndugu zao wa karibu ni mwani wa kahawia na diatomu. Kuta za seli zao zimejengwa hasa kwa selulosi na beta-glukani, wakati kuvu hujenga kwa kitini. Tena hawatengenezi ergosteroli, aina ya mafuta ambayo kuvu hujengea utando wa seli zake, na ambayo ndiyo shabaha ya dawa nyingi maarufu za kuvu. Dawa inayolenga kitu ambacho kimelea hana haimdhuru.

Jambo la pili ni maji. Wengi wao hutoa vijimbegu vinavyoitwa zoospora, vyenye mikia miwili, vinavyoogelea kwenye utando wa maji juu ya jani au kati ya chembe za udongo hadi vikutane na mzizi. Wengi pia hutengeneza oospora, zenye ganda nene, ambazo hukaa udongoni kwa miaka zikisubiri mmea unaofaa.

Utakutana nao katika makundi manne:

- *Phytophthora*. Humu yumo *P. infestans* anayeleta bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya, *P. capsici* wa pilipili na jamii ya maboga, *P. sojae* wa soya, *P. palmivora* na *P. megakarya* wa kakao, na *P. cinnamomi* anayeozesha mizizi ya parachichi na ya mimea mingine mingi sana. *P. ramorum* ndiye aliyeua mialoni mingi kule California kuanzia miaka ya 1990.
- *Pythium*, mwuaji wa miche (ugonjwa uitwao kinyaushi) na mizizi michanga. Baadhi ya spishi zake zimehamishiwa jenasi ya *Globisporangium*, kwa hiyo usishangae ukiona *Pythium ultimum* ameandikwa kwa jina hilo kwenye ripoti ya maabara.
- Ubwiri vinyoya: *Plasmopara viticola* kwenye mizabibu, *Pseudoperonospora cubensis* kwenye matango na matikiti, *Peronospora destructor* kwenye vitunguu, *Bremia lactucae* kwenye saladi. Hawa huishi ndani ya mmea ulio hai tu.
- Kutu nyeupe, *Albugo candida*, kwenye kabichi, haradali na jamaa zao.

Andaa vitu hivi

- Kioo cha kukuzia kinachokuza mara 10 au zaidi
- Kisu kikali na spiriti ya asilimia 70 ya kukisafishia
- Vyombo vya plastiki angavu vyenye mifuniko, na karatasi laini za kufutia
- Mifuko safi ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika
- Glasi angavu
- Koleo dogo na ndoo
- Matunda mabichi magumu ya peasi au tufaha yasiyo na jeraha, au majani mazima ya parachichi
- Maji ya mvua, au maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba yenye klorini huua zoospora na kuharibu kipimo
- Daftari

Hadubini si lazima, ila ukiwa nayo utaona mengi.

Hatua kwa hatua

1. Tembelea shamba alfajiri, umande ukiwa bado upo. Unyoya wa bakajani chelewa na wa ubwiri huota usiku, na jua likishapanda hunyauka usiuone. Kabla hujainama kutazama jani moja moja, tazama shamba zima. Mimea iliyougua iko bondeni, kando ya mfereji, mwishoni mwa mteremko? Hapo shuku kimelea wa udongoni. Imesambaa kwa mabaka yanayopanuka kila siku, hasa penye kivuli na upepo hafifu? Hapo shuku kimelea wa majani. Chora ramani ndogo daftarini. Ramani hiyo itakusaidia kuliko picha za simu, kwa sababu picha huonyesha jani na kuficha shamba.

2. Linganisha dalili. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nenda taratibu.

Bakajani chelewa huanza na madoa ya kijani kilichofifia, yanayoonekana kulowa maji, mara nyingi kwenye ncha au kingo za jani. Doa hugeuka kahawia hadi nyeusi, huku ukingo wake ukiwa na ukanda wa kijani hafifu. Halijali mishipa ya jani, huivuka. Upande wa chini, penye ukingo wa doa, utaona unyoya mweupe. Shina hupata mabaka ya kahawia iliyokolea, nyanya hupata baka gumu la kahawia lenye uso usio sawa, na kiazi ukikimenya huonyesha uozo wa kahawia nyekundu chini ya ganda. Usiuchanganye na bakajani tangulia, ambao ni wa kuvu halisi wa *Alternaria*. Huo una madoa makavu yenye pete ndani ya pete, na huanzia majani ya chini yaliyozeeka.

Ubwiri vinyoya huonyesha madoa ya manjano juu ya jani, na chini yake unyoya wa kijivu, mweupe au zambarau. Kwenye tango madoa hayo yana pembe, kwa kuwa mishipa huyazuia yasienee. Ubwiri unga ni kitu kingine kabisa: unga mweupe uko juu ya jani na unafutika kwa kidole. Huo ni kuvu halisi, na dawa zake ni tofauti. Wanaopiga salfa kwenye ubwiri vinyoya wanapoteza salfa yao.

Kutu nyeupe ni rahisi kuitambua. Geuza jani la kabichi au haradali. Ukiona malengelenge meupe yanayopasuka na kutoa unga, ndiyo hiyo.

Kuoza kwa mizizi hujificha. Mmea hunyauka mchana, hurejea usiku, na siku moja haurejei. Parachichi hutoa majani madogo ya manjano, matawi ya juu hubaki matupu, na mizizi midogo ya kulishia huwa myeusi na kukatika kirahisi. Pilipili hupata baka jeusi shinani, usawa wa ardhi. Kosa la kawaida mno hapa ni kuona manjano na kuongeza mbolea, au kuona mnyauko na kuongeza maji. Maji ya ziada ni usafiri wa zoospora, na mizizi iliyooza haiwezi kufyonza hiyo mbolea.

3. Fanya kipimo cha unyevu kwa magonjwa ya majani. Chuma majani matano hivi yenye madoa machanga, si yaliyokauka. Tandika karatasi laini iliyolowa na kukamuliwa ndani ya chombo angavu, weka vijiti viwili juu yake, kisha laza majani juu ya vijiti, upande wa chini ukitazama juu. Jani lisiguse maji. Funika, weka mahali pa giza penye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20 za selsiasi, uache usiku mzima.

Asubuhi tazama ukingo wa kila doa kwa kioo. Unyoya mwembamba unaoota kwenye mpaka wa sehemu iliyokufa na iliyo hai ni ushahidi mzuri wa oomiseti. Ukikosa, acha hadi saa 48. Usisome kipimo baada ya siku tatu, kwani wakati huo kuvu wa kuozesha watakuwa wameota juu ya tishu iliyokufa, na utasoma kitu ambacho hakikuwa kisababishi.

Wenye hadubini: kwangua unyoya kidogo uutie kwenye tone la maji. Nyuzi za oomiseti kwa kawaida hazina kuta za kuzigawa vyumba vyumba. Vifuko vya vijimbegu vya *P. infestans* vina umbo la limau, na ukiviacha kwenye maji baridi ndani ya jokofu kwa saa moja hadi tatu, vingi hupasuka na kumwaga zoospora. Kuziona zikiogelea kunabadilisha kabisa jinsi mtu anavyotazama shamba lenye matope. Kama una nafasi, usikose.

4. Tenga mnyauko wa bakteria kwa glasi ya maji. Mmea ukinyauka ungali kijani, kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na ardhi, ukining'inize ili ncha iguse maji safi kwenye glasi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, hao ni bakteria. Ishia hapo, hakuna dawa ya oomiseti itakayokufaa. Kama maji yamebaki safi, pasua shina kwa urefu. Mistari ya kahawia ndani ya mishipa, inayopanda mbali juu ya ardhi, huelekeza zaidi kwa *Fusarium* au *Verticillium*, ambao ni kuvu.

5. Chimba mizizi, uioshe, uivute. Chimba, usiung'oe mmea, maana mizizi iliyooza hubaki udongoni na utakachoshika mkononi ni ile mizima. Osha polepole ndani ya ndoo. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Shika mzizi ulio na rangi ya kahawia kwa vidole viwili uvute. Ganda la nje likichubuka na kubakisha uzi mwembamba wa katikati, wakulima huuita mkia wa panya, na *Pythium* ndiye mshukiwa wa kwanza.

6. Mtege kimelea wa udongoni. Kipimo hiki ninakipenda kuliko vyote kwa sababu kinaleta jibu bila maabara.

Chukua udongo wenye unyevu pamoja na mizizi midogo, kina cha sentimita 5 hadi 20, kutoka kwa mimea inayoanza kuugua. Mmea uliokwisha kufa umeshavamiwa na waozeshaji wengine. Weka konzi mbili za udongo ndani ya chombo safi, mimina maji ya mvua yapande sentimita 3 juu ya udongo, na uache utulie. Kisha tumbukiza peasi bichi lizame nusu, au acha vipande vya jani la parachichi vielee juu ya maji. Andaa chombo cha pili chenye maji na tunda tu, bila udongo. Hicho ndicho cha kulinganishia. Weka vyote mahali penye joto la kawaida la chumba, nje ya jua.

Kagua kila siku hadi siku ya tano. Madoa ya kahawia, magumu, yenye mpaka, yanayotokea usawa wa maji, huashiria *Phytophthora*. Uozo laini unaoenea haraka huelekea zaidi kwa *Pythium*. Tunda la chombo cha kulinganishia likioza pia, tupa vyote uanze upya. Kwa pilipili na maboga, tunda bichi la pilipili au tango hutega vizuri.

Maonyo mawili. Mtego hauwezi kukutajia spishi kwa uhakika. Na mtego usiokamata kitu hauthibitishi kwamba udongo ni salama, hasa kama ulikuwa mkavu kwa muda mrefu. Loweka udongo huo siku chache kisha urudie.

7. Ondoa chanzo siku hiyohiyo. Bakajani chelewa ikipata hali nzuri hukamilisha mzunguko wake, kutoka uambukizi hadi vijimbegu vipya, ndani ya takriban siku tatu hadi saba. Mwaka 1845 ugonjwa huu ulipoingia Ireland, nchi ambayo mamilioni ya watu wake walitegemea viazi, njaa iliyofuata iliua takriban watu milioni 1 na kuwafanya wengine kama milioni 1 kuhama. Walioishi wakati ule hawakuwa na njia ya kujua kilichowapata. Mwanasayansi Mjerumani Anton de Bary alikipa kimelea jina la *Phytophthora infestans* mwaka 1876. Wewe unajua, kwa hiyo usingoje wiki ijayo.

Funika mmea ulioathirika kwa mfuko kabla ya kuukata, ili usitikise vijimbegu. Fukia kina cha nusu mita au zaidi, mbali na maji. Usitupe kwenye lundo la mboji. Ng'oa viazi na nyanya zilizojiotea, na usiache rundo la viazi vibovu kando ya shamba, *P. infestans* huvuka msimu ndani ya kiazi kilicho hai. Mahali ambapo jinsia zake mbili, A1 na A2, zimekutana, hutengeneza pia oospora zinazobaki udongoni, kwa hiyo hapo mzunguko wa mazao ni lazima.

Kwa magonjwa ya mizizi, weka alama kwenye eneo lililoathirika na uwe unalihudumia mwisho kila siku. Osha matope kwenye viatu na majembe kwanza, kisha ndipo upake dawa ya kuua vimelea. Dawa iliyopakwa juu ya matope haifiki popote.

8. Rekebisha maji. Kama ningeruhusiwa kukuachia hatua moja tu ya kinga, ningekuachia hii.

- Mwagilia asubuhi ili majani yakauke mapema. Kumwagilia juu ya majani jioni ni kuwapa saa 10 hadi 12 za unyevu wanazozihitaji.
- Tumia umwagiliaji wa matone inapowezekana.
- Panda juu ya matuta ya sentimita 20 hadi 30 kama udongo hutuamisha maji, na chimba mfereji wa kuyatoa kabla mvua hazijaanza.
- Usimwagilie kwa maji ya bwawa linalopokea maji yanayotiririka kutoka shambani kwako au kwa jirani. Kisima kilichofunikwa ni salama zaidi.
- Tandaza matandazo ili matone yasirushe udongo kwenye majani ya chini, lakini yasiguse shina.
- Ongeza nafasi kati ya mimea. Kwenye nyumba ya kupandia, fungua madirisha mapema asubuhi.
- Inulia viazi udongo wa kutosha. Mvua hushusha vijimbegu kutoka majanini hadi kwenye viazi. Majani yakishaugua, yakate na usubiri wiki mbili hadi tatu kabla ya kuvuna.

9. Chagua dawa kwa kundi. Lebo nyingi huonyesha nambari au herufi ya kundi la kiambato, kwa mpangilio wa FRAC, kamati ya kimataifa inayoshughulikia usugu wa vimelea kwa dawa za kuvu. Jina la biashara lisikushughulishe, soma kundi.

Zisizofaa kwa oomiseti ni benomili na kabendazimu (kundi 1), triazoli kama tebukonazoli na propikonazoli (kundi 3), pamoja na salfa (M02). Hizi ni dawa nzuri kwa kazi yake, na ndizo watu wengi huwa nazo stoo. Ndiyo maana swali la "mbona dawa haifanyi kazi" haliishi.

Za kinga, zinazokaa juu ya jani tu, ni shaba (M01) na mankozebu (M03). Mchanganyiko wa shaba na chokaa ulitangazwa na mtaalamu wa mimea Pierre Millardet huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, dhidi ya ubwiri vinyoya wa mizabibu, na shaba inatumika hadi leo bila vimelea kuizoea kirahisi. Mankozebu Umoja wa Ulaya ulikataa kuirefushia idhini mwaka 2020, kwa hiyo angalia orodha ya dawa zilizosajiliwa katika nchi yako kabla ya kununua. Dawa za kinga hupigwa kabla ya ugonjwa. Haziponyi jani lililokwisha kuingiliwa.

Zinazopenya ndani ni hizi:

- Metalaksili na mefenoksamu (kundi 4): hufanya kazi kwa *Phytophthora*, *Pythium* na ubwiri vinyoya, lakini usugu hutokea haraka. Metalaksili iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 *P. infestans* sugu alikuwa tayari ameonekana Ulaya.
- Dimethomofu na mandipropamidi (kundi 40): nzuri kwa *Phytophthora* na ubwiri vinyoya, ila haziui *Pythium*.
- Propamokabu (kundi 28): huwafikia *Pythium*, *Phytophthora* na ubwiri, na huwafaa sana wenye vitalu.
- Siazofamidi (kundi 21): kinga imara ya bakajani chelewa, ingawa hupenya kidogo tu.
- Simoksanili (kundi 27): hukamata uambukizi wa siku moja au mbili zilizopita, kisha nguvu yake huisha upesi. Huchanganywa na dawa ya kinga.
- Fosfonati (P07, au 33 kwenye lebo za zamani): husafiri juu na chini ndani ya mmea, jambo ambalo dawa nyingine nyingi haziwezi. Kwa miti ya parachichi huchomwa shinani ili ifike mizizini.

10. Nyunyiza ipasavyo. Vaa glavu, barakoa, miwani na nguo ndefu. Fuata kipimo cha lebo; kuzidisha hakuponyi haraka, na kupunguza hufuga vimelea sugu. Lowesha upande wa chini wa majani, maana huko ndiko unyoya unakotoka. Badilisha makundi: usirudie kundi lilelile la dawa inayopenya mara mbili mfululizo, na kila mara iambatane na dawa ya kinga kama lebo inaruhusu. Muda kati ya mnyunyizo mmoja na mwingine huwa siku 7 hadi 10 kwenye hali ya mvua, hata chini ya hapo kama lebo inasema. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kuna mtu atakula hicho unachonyunyizia.

Kwa wenye vitalu

Kinyaushi hakiponyeki mche ukishaanguka, kwa hiyo kazi yote iko kabla ya kupanda. Osha trei kwa sabuni, kisha ziloweke dakika 30 kwenye sehemu moja ya dawa ya madoa yenye klorini kwa sehemu tisa za maji, suuza, anika. Usichanganye dawa hiyo na siki, asidi wala amonia. Hutoa gesi ya sumu. Udongo wa kitalu ufukizwe kwa mvuke hadi nyuzi 70 kwa dakika 30, au utandazwe ukiwa na unyevu chini ya plastiki angavu kwenye jua kali kwa wiki nne hadi sita. Panda kwa kina kifupi, usibananishe mbegu, na acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena.

Tofautisha pia kisababishi. *Pythium* huozesha mche ukawa laini na wenye maji, kuanzia mizizini. *Rhizoctonia*, ambaye ni kuvu, huacha kidonda kikavu cha kahawia kinachobonyea shinani. Metalaksili na propamokabu hazimsumbui *Rhizoctonia* hata kidogo.

Mambo yakienda kombo

*Nimepiga dawa sahihi na ugonjwa unaendelea.* Jiulize: ulilowesha chini ya majani? Mvua ilinyesha kabla dawa haijakauka? Ulipiga madoa yakiwa yameenea tayari? Kama yote yako sawa, shuku usugu, hasa ukiwa umetegemea metalaksili peke yake. Hamia kundi jingine kabisa.

*Madoa yamekauka, nimepona?* Hali ya ukavu na joto husimamisha bakajani chelewa bila kuimaliza. Endelea kukagua, na mvua ikirudi, rudi na dawa ya kinga kabla hujaona doa jipya.

*Kipimo cha unyevu hakikuonyesha unyoya, lakini dalili zote zipo.* Huenda ulichuma majani yaliyokuwa yamenyunyiziwa dawa au yaliyokauka. Chuma mengine yenye madoa ya jana au juzi. Kama bado hakuna kitu, fikiria bakteria, kuungua kwa dawa ya magugu, au baridi kali.

*Mti wangu wa parachichi una mizizi myeusi. Niukate?* Ukiwa na nusu au zaidi ya majani yake, jaribu kwanza: sahihisha maji, tandaza matandazo mazito, punguza matawi ili mizizi iliyobaki iweze kuuhudumia mti, na tumia fosfonati. Mpya utakaoupanda baadaye uwe kwenye shina-mzizi (mche wa chini unaounganishiwa parachichi) linalostahimili, na usiwe kwenye shimo lilelile.

*Nimekwama, nataka kupeleka sampuli maabara.* Chagua mmea unaoanza kuugua, na uambatanishe mmoja mzima wa kulinganishia. Majani yafungwe kwa karatasi kavu ndani ya mfuko. Mizizi iende na udongo wake wenye unyevu wa kawaida, kwenye mfuko tofauti. Usiache sampuli ndani ya gari lenye joto, na usiigandishe, maana mtaalamu anahitaji kimelea aliye hai. Juu ya mfuko andika zao, umri wake, tarehe ya kuchuma, dawa ulizopiga na siku ulizozipiga, kisha ambatanisha ile ramani uliyochora katika hatua ya 1. Ipeleke mwanzoni mwa wiki, isije ikalala ofisini siku za mapumziko.